Maziwa Niliyokataa Mlangoni

Mke wangu Marsela alikuja kununua viazi, na hivyo ndivyo tulivyojuana. Watu wa kijiji chetu cha Endamarariek bado wanalisimulia jambo hilo kwa kicheko, kwa sababu pale kwenye viazi sikusema hata neno moja. Alikuwa mwalimu mpya wa baiolojia katika sekondari iliyo juu ya shamba letu. Alisimama mbele ya lundo langu kando ya njia, akachagua viazi vikubwa tu, akivigeuzageuza mkononi kama mtu anayenunua mayai. Nilitaka kumwuliza kwa nini anachagua hivyo. Nilibaki nikiangalia viatu vyake.

"Unaitwa nani?" aliniuliza.

Jirani yangu Adrian, aliyekuwa akiuza vitunguu pembeni, akanijibia. "Huyo ni Lazaro, mwalimu. Ukitaka kuzungumza naye uje na mkalimani."

Alicheka, lakini alinigeukia mimi, hakumgeukia Adrian. "Lazaro, unajua kwamba viazi vyako vinakunywa maji?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi nibebee hivi mpaka maabara, ukaone mwenyewe."

Mimi niliishia darasa la saba. Sikuwahi kuingia maabara. Kilikuwa chumba chenye meza ndefu za zege, mabomba yasiyotoa maji, na harufu kama ya duka la dawa za mifugo. Alimenya viazi viwili, kimoja kibichi, kingine alikichemsha kwanza. Akavichimba katikati vikawa kama vikombe, akavikata chini ili vikae, akavisimamisha kwenye sahani za maji na kutia chumvi ndani ya kila shimo. Wanafunzi wakaja, wakaandika, wakaondoka. Mimi nilibaki kwa sababu sikujua namna ya kuaga. Mchana ulipopinduka, shimo la kile kibichi lilikuwa limejaa maji mpaka karibu na ukingo, na hakuna mtu aliyemimina kitu. Kile kilichochemshwa kilikuwa vilevile, chumvi yake imelowa kidogo tu.

"Maji yanafuata palipokolea," alisema. "Yanapita kwenye utando mwembamba ambao macho hayauoni. Kiazi kikiwa hai, utando wake unachagua, hiki kipite, hiki kibaki. Kikifa, hauchagui tena."

Nikasema, "Ahaa." Hilo ndilo neno langu la kwanza kwake.

Yaliyobaki aliyasema baba mdogo Bartolomeo, aliyekuwa mshenga wangu. Tulikwenda kwao Mbulu, kwa baba yake aliyekuwa katekista, mtu wa sauti kubwa. Mzee aliniangalia kwa muda, akamwuliza Bartolomeo, "Huyu kijana ana ulimi?"

"Anao, mzee. Anautunza."

Marsela alicheka huko jikoni mpaka tukamsikia sebuleni, na mzee naye akashindwa kujizuia. Hivyo nikapewa mke aliyenizidi elimu, na wengi walidhani hatadumu. Alidumu. Alifundisha asubuhi, na jioni alifunga kanga juu ya gauni la kazi, tukapalilia pamoja. Mimba zetu ziliharibika kwa sababu ya presha, na baada ya ile ya mwisho tuliacha kulizungumzia jambo hilo. Watoto wake wakawa wale wa shule. Hata leo nikipita stendi ya Karatu, dereva wa watalii au nesi ananisimamisha na kuniuliza, "Wewe si mume wa Madam Utumbo?"

Jina hilo alilipata kihalali. Ule utando wa kufanyia majaribio, unaokuja umetengenezwa kiwandani, shuleni kwao ulikuwa hauji, au ukija unakuja mitihani imekwisha. Marsela hakukaa kuusubiri. Alikwenda Karatu mjini kwenye bucha la Yasini kuomba utumbo mwembamba wa kondoo.

"Mwalimu," Yasini alikuwa akimwambia, "mimi naanza kuwa na mashaka. Hao wanafunzi wanasoma au wananywa supu?"

"Wanasoma, Yasini. Supu wanakunywa walimu."

Tuliuosha nyumbani, tukaukwangua kwa mgongo wa kisu mpaka ukabaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Yeye aliupuliza kama puto ili kuona kama umetoboka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu ya pamoja niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu mikono ilikuwa na shughuli na hakuna aliyenitaka niseme kitu. Uchache wa maneno ulikuwa wangu tu. Yeye alizungumza wakati wote.

Miguu yake ilipoanza kuvimba tulidhani ni kusimama darasani. Kisha uso ukavimba. Hospitali walitwambia kwamba presha imekula figo zote mbili, hazifanyi kazi tena, na tangu siku hiyo atakuwa akienda Arusha mara mbili kila wiki kuoshwa damu kwa mashine. Bima yake ya utumishi ndiyo iliyotubeba. Siku ya kwanza nilisimama kando ya kitanda nikiangalia damu ya mke wangu ikitoka kwenye mkono, ikizunguka kwenye mipira na kurudi. Nilishika nguzo ya kitanda. Yeye ndiye aliyenitia moyo.

"Usiogope, Lazaro. Ni utumbo wa Yasini huu, ila umetengenezwa vizuri zaidi. Damu inapita ndani, maji maalumu yanapita nje. Uchafu unatoka, damu inabaki."

Nilielewa, kwa sababu nilikuwa nimeukwangua utumbo ule kwa mikono yangu.

Lakini mashine haikuwa kila siku, na katikati ya siku hizo ulikuwapo mlima wa kupanda. Haja ndogo ilikuwa imekoma. Kila alichokunywa kilibaki mwilini mpaka siku ya Arusha. Aliruhusiwa maji kidogo sana kwa siku, kikombe chetu cha bati na tone juu yake, pamoja na yale ya kumezea dawa. Chumvi alikatazwa kabisa, ndizi mbivu alikatazwa. Viazi pia alikatazwa, yeye mke wa mkulima wa viazi, kwa kuwa vina chumvi ya aina nyingine inayoweza kuusimamisha moyo. Wakampa njia moja tu ya kuvila kidogo. Kila asubuhi nilimenya viazi, nikavikata vyembamba na kuviloweka kwenye ndoo ya maji mengi mpaka jioni, ili ile chumvi mbaya itoke ifuate maji. Nikamwaga maji yale, nikapika kwa maji mengine. Vilikuwa havina ladha yoyote. Alikula akisema vizuri.

Kiu ndiyo ilikuwa shida. Nilimpa kipande cha limau anyonye. Nilimwona akiangalia ng'ombe wakinywa.

Sasa niseme juu ya desturi yetu, maana hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Kwetu mtu akiugua, majirani wanakuja na kitu cha kunywa. Maziwa, togwa, uji, supu. Mgonjwa anakunywa mbele ya aliyeleta, hata mafunda machache, na kibuyu kinarudi kimepungua. Kikirudi kimejaa, maana yake unamwogopa aliyekileta. Unadhani ametia kitu. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na halihitaji kutamkwa.

Marsela aliniambia, "Wewe kaa mlangoni. Waambie kwa nini siwezi. Mimi nikiona maziwa sitaweza kukataa, Lazaro. Nitakunywa yote."

Nikakaa mlangoni. Alipokuja Mama Thomasi wa shamba la pili, nilikuwa wa kwanza kumwona. Yeye ndiye aliyempokea Marsela alipoletwa bibi harusi. Ndiye aliyekaa naye siku zile za mimba kuharibika, akamwogesha, akazika yale ya kuzikwa bila kutuuliza neno. Alikuwa amebeba kibuyu chake kikubwa, kile chenye mshipi wa shanga, na kilikuwa bado na joto la maziwa.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Yupo," nilisema.

"Basi nipishe."

Nilikuwa na maneno yote kichwani, yale ya figo na mapafu. Yakakaa huko. Nikanyoosha mkono mbele ya mlango na kusema, "Hapana, mama."

"Hapana nini?"

"Maziwa. Hapana."

Aliniangalia, akaangalia kibuyu, akaniangalia tena. Hakugomba. Alijifunga kanga upya, akageuka na kibuyu chake kimejaa vilevile, akashuka njia ya shambani kwake polepole. Wengine walifuata siku zilizofuata, na kila mmoja nilimwambia hapana. Kisha hawakuja tena. Kisimani wanawake waliacha kuongea nilipofika na punda. Adrian aliniambia bila kunionea haya, "Wanasema mwalimu anaringa. Wanasema mnawaona wachawi."

Nilimweleza Marsela.

"Nimeishi na hawa watu maisha yangu ya utu uzima," alisema. "Kufa nitakufa. Lakini siwezi kufa Mama Thomasi amenuna. Waite. Wote. Jumamosi, maabara."

"Nikawaite mimi?"

"Nani mwingine aliyemo humu ndani?"

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nilisema, "Mwalimu anawaita Jumamosi shuleni," kisha nikaondoka kabla sijaulizwa. Kwa Mama Thomasi nilishindwa hata hilo. Nilisimama kwenye zizi, naye akaendelea kukata majani.

"Umekuja kuhesabu ng'ombe?" aliuliza hatimaye.

"Jumamosi," nilisema. "Maabara."

"Nina kazi Jumamosi."

Siku hiyo walikuja wanawake karibu wote, wengine kwa hasira, wengine kwa kutaka kuona. Baba mdogo Bartolomeo naye alikuja, akisema wanaume wasiachwe nyuma. Marsela alikaa kwenye kigoda kwa sababu kusimama kulikuwa kumemshinda. Alikuwa amevaa koti lake jeupe, nalo lilikuwa likimpwaya. Mezani aliweka bakuli safi kutoka jikoni kwetu, si vyombo vya shule, maji ya kunywa, chumvi, uji mwepesi wa unga uliopoa, na utumbo wa Yasini niliouandaa.

Nilimsaidia kufunga upande mmoja kwa uzi. Akatia uji uliochanganywa na chumvi nyingi, akafunga upande wa pili, akauosha kwa nje, akampa mwanamke mmoja aulambe.

"Una chumvi?"

"Hauna."

Akaulaza ndani ya bakuli la maji. "Sasa tungoje. Semeni yenu, najua mnayo."

Walianza kwa kunong'ona, baadaye kwa sauti. Mmoja alisema alifukuzwa kama mbwa. Mwingine alisema maziwa yake aliyamwaga njiani akilia. Marsela alisikiliza yote. Katikati ya maneno hayo Mama Thomasi aliingia, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, kama mtu anayepumzika tu akielekea kwingine.

Muda ulipofika Marsela alimpa kila mmoja kijiko cha maji ya bakuli. Walionja wakatazamana. Yalikuwa na chumvi.

"Umevuja huo," mmoja alisema.

"Ungevuja, uji ungetoka." Akachota maji yale kidogo na kudondosha ile dawa ya kahawia, ayodini. Yalibaki na rangi ya chai. Akadondosha kwenye uji uliobaki sufuriani, ukageuka mweusi kama wino. Wakashtuka, Bartolomeo akasimama kabisa. "Mnaona? Palipo na uji panakuwa peusi. Kwenye maji hamna uji. Chumvi ni ndogo, imepita. Uji ni mkubwa, umebaki."

"Kwa hiyo utumbo ninaopika nyumbani unachagua?"

"Ukishauchemsha hauchagui, mama. Unaliwa tu."

Wakacheka. Marsela naye alicheka, akakohoa, akangoja pumzi irudi. Kisha akautoa utumbo kwenye maji, akauinua. Ulipoingia ulikuwa umelegea. Sasa ulikuwa umejaa, umekaza, unang'aa.

"Maji nayo yameingia," alisema. "Umekunywa mpaka umevimba, na umefungwa juu na chini. Basi mimi ndiyo huu. Mnachonipa kinaingia. Pa kutokea hapapo. Kikizidi kinapanda kwenye mapafu, usiku nalala nimekaa. Huko Arusha ndiko wananilaza kwenye bakuli lao, chumvi ikatoka, maji yakatoka. Nikirudi nakuwa mtu kidogo. Maziwa yenu siyaogopi. Nayaota."

Mama Thomasi alitoka nyuma, akapita katikati ya wenzake mpaka mezani. Akanyoosha kidole na kuubonyeza ule utumbo taratibu, kama anavyobonyeza kiwele cha ng'ombe mgonjwa.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilimwambia Lazaro awaambie, mama."

Wote wakageuka kuniangalia.

"Lazaro?" alisema Mama Thomasi. "Ulimtuma *Lazaro* kwenda kusema?"

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena. Walijishika mbavu, Bartolomeo akafuta machozi kwa kofia. Nami nilicheka, nikiwa nimeinama. Mama Thomasi alimkumbatia Marsela kichwa chake kikiwa kifuani, na nilipoangalia vizuri niliona kwamba yeye hakuwa anacheka.

Tangu hapo mlangoni alikaa yeye. Mgeni akifika na chungu, alimweleza habari za utumbo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akiongeza na mengine yake. Alikuja na kibuyu kila jioni, akamimina kijiko kimoja, Marsela akayapokea mbele yake na kuyaweka mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza. Hivyo kibuyu kilirudi kimepungua. Kijiko hicho tulikitoa kwenye kikombe chake cha siku.

Tuliishi hivyo msimu hadi msimu. Alifundisha siku alizoweza. Kidato cha nne walikuja nyumbani, wakakaa chini ya dirisha, naye akawafundisha akiwa kitandani, huku utumbo umening'inia kwenye kamba ya nguo.

Kisha mishipa ya mkono ikaanza kugoma, wakahamia shingoni, na shingoni kukapata vidonda. Moyo ukadhoofika. Katikati ya kuoshwa damu, presha ilikuwa ikishuka hadi anapoteza fahamu, wakalazimika kusimamisha mashine. Siku moja daktari alituita pembeni. Alikuwa kijana mpole. Alisema mwili haukubali tena, na kwamba wanaweza kuendelea kujaribu lakini ataumia bure. Marsela alimwuliza maswali ya kitaalamu, akajibiwa. Kisha daktari akanigeukia mimi.

"Baba, mpeleke nyumbani. Kuanzia sasa ale anachotaka, anywe anachotaka."

Nilifurahi. Nasema kweli, kwa dakika kadhaa nilifurahi, nikadhani ni nafuu. Nilipomwangalia Marsela alikuwa ameshika mkono wangu na kunitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekosea jibu rahisi. Ndipo nikaelewa.

Gari lilipanda mlima wa Manyara jua likiwa bado juu. Msitu wa Ngorongoro ulikuwa umefunikwa na wingu huko mbele. Tulipofika mashamba ya ngano alinigeukia.

"Lazaro, nina kiu."

Nilitia mkono mfukoni kutafuta limau, kwa mazoea.

"Si limau," alisema. "Nataka maziwa ya Mama Thomasi. Kibuyu kizima."

Nilimlaza kitandani na mito mgongoni, nikashuka njia ya shambani. Mama Thomasi alikuwa zizini anakamua. Nilisimama palepale niliposimama zamani.

"Umekuja kuhesabu ng'ombe tena?" alisema bila kugeuka. "Mmerudi mapema. Mwalimu hajambo?"

"Naomba maziwa, mama."

"Yako yapo kwenye kile chungu, chukua."

"Si yangu. Ya Marsela."

"Nitaleta kijiko chake nikimaliza."

"Si kijiko." Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyozoea kuisikia. "Amesema kibuyu kizima. Daktari amesema anywe anachotaka. Hawatamwosha tena. Nimekuja kukuomba umjazie, umpelekee wewe mwenyewe, kwa sababu mimi nilikurudisha nacho kimejaa."

Mikono yake ilisimama. Aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe na kukaa hivyo. Ng'ombe alihamisha mguu mmoja. Kisha nikasikia maziwa yakianza tena kugonga chombo, mstari baada ya mstari, mpaka alipomaliza chuchu zote nne.

Alikibeba yeye. Mlangoni nilikaa pembeni nikampisha. Alimshika Marsela kisogo, akamnywesha kama mtoto, akisubiri kila alipopumua. Marsela alikunywa, akafumba macho, akanywa tena. Povu lilimbaki juu ya mdomo.

"Yana moshi kidogo," alisema.

"Nimekifukiza kibuyu leo asubuhi."

"Nilisahau kwamba yana moshi. Kijiko hakitoshi kuonja moshi."

Alikunywa mpaka mwisho. Jikoni, ndoo yangu ya viazi ilikuwa pale nilipoiacha alfajiri kabla ya safari, vimelowa, vyeupe. Mama Thomasi alivitoa, akavipika kwa chumvi, tukala wote watatu kitandani kwa sahani moja. Marsela alisema, "Lazaro, kumbe viazi vyako vizuri hivi," nami nikamwambia ndiyo, nikamwambia ni vya shamba la juu, la karibu na shule, nilivipanda kwa mbegu niliyohifadhi tangu msimu uliopita, na mvua ilikuja wakati wake. Niliendelea kumwelezea habari za viazi mpaka aliposinzia. Kabla ya Jumapili alikuwa ameshatuacha.

Mama Thomasi alirudi kwake jioni ile ya maziwa na kibuyu kitupu, akikishika kwa mikono miwili.